Tindo Si Dawa ya Skrubu Iliyoganda

Kwenye gereji nyingi za pikipiki, za mjini na za vijijini, kuna imani moja ambayo haihojiwi: skrubu ya kava la injini ikikataa kuzunguka, chukua tindo na nyundo. Anayesita anaonekana mwoga. Kijana anayejifunza kazi huonyeshwa hivyo mapema kabisa, naye akija kufungua gereji yake huwaonyesha wengine vilevile. Imani hiyo ina ndugu yake anayesema kwa upole zaidi: kwamba pikipiki ya zamani ina skrubu za chuma laini, kwa hiyo kuharibika vichwa ni majaliwa yake. Napinga zote mbili. Skrubu hizo hazikutoka kiwandani zikiwa mbovu, na nyingi hazikuganda kiasi kinachodhaniwa. Zinauawa na bisibisi isiyo yake, na tindo linakuja kumalizia kazi ambayo bisibisi hiyo iliianza.

Nazungumzia pikipiki za Kijapani za miaka ya sabini na themanini: Honda CG125 za mwanzo na XL, Yamaha DT na AG100, Suzuki TF. Hizi ndizo zilizobeba mabwana shamba, watumishi wa afya na mapadri kwenye njia ambazo gari lilikuwa likikwama. Nyingi za bodaboda za leo kava zake zimefungwa kwa bolti za pembe sita. Unavika spana namba 8, unafungua, unaendelea na mengine. Za zamani zilifungwa kwa skrubu za nyota. CG125 ilipoingia sokoni mwaka 1976 ilikuwa na injini ya fito za kusukuma valvu, rahisi kutunza, iliyokusudiwa watu wasio na gereji kubwa karibu. Injini kama hiyo bado inaweza kufanya kazi leo. Nimeona kadhaa zimeegeshwa uani, pistoni na kranki zikiwa salama, kava la klachi likiwa limepasuka sikio moja na kuvuja oili ambayo hakuna gundi inayoweza kuizuia. Kilichoziweka uani ni siku moja ya kufunguliwa vibaya.

Tuanze na nyota yenyewe, maana uharibifu mwingi unaanzia hapo. Fundi akiona msalaba kwenye kichwa cha skrubu anachukua bisibisi ya nyota, yoyote iliyo karibu. Lakini misalaba haifanani. Uliosambaa zaidi ni ule wa Henry Phillips wa Portland, Oregon, aliyepata hataza zake mwaka 1936 baada ya kununua wazo la John Thompson. General Motors waliuchukua kwa ajili ya Cadillac, na kutoka hapo ukaingia viwanda vingi. Wajapani wana msalaba wao, wenye kipimo rasmi kinachoitwa JIS B 1012. Ukiitazama kwa juu huoni tofauti. Tofauti iko ndani ya tundu. Bisibisi ya Phillips ina mviringo kidogo pale mabawa yake yanapokutana, na mviringo huo hugusa kingo za tundu la Kijapani kabla ncha haijafika chini. Bisibisi inaonekana imekaa, kumbe imeshikilia juu juu tu. Ukiinyonga kwa nguvu inapanda na kuruka, na kila inaporuka inakwangua kingo. Baada ya kuruka mara chache tundu limekuwa duara, na fundi anatoa hukumu kwamba chuma kilikuwa laini.

Ushahidi upo kwenye kichwa cha skrubu yenyewe. Nyingi za Kijapani zina nukta moja ndogo iliyobonyezwa kando ya msalaba, alama ya kwamba bisibisi inayotakiwa ni ya JIS. Nukta hiyo imekuwa mbele ya macho ya mafundi wetu kwa miongo mingi bila mtu kuwaeleza kazi yake, na hilo ni kosa la waliouza pikipiki pamoja na waliofundisha ufundi. Skrubu ileile inayodaiwa kuwa laini, ukiitia bisibisi ya JIS inayofika chini ya tundu, inatoka na kingo zake zikiwa kali. Kama chuma kingekuwa ndicho kibovu, kingeharibika kwa bisibisi zote mbili.

Halafu kuna suala la saizi, ambalo ni rahisi zaidi na linaumiza zaidi. Skrubu za M6, ambazo ndizo nyingi kwenye kava za injini, zinataka bisibisi namba 3. Namba 2 ni ya M5 na M4. Sasa fungua boksi la vifaa la gereji yoyote ya mtaani uone bisibisi ya nyota iliyomo: karibu kila mara ni namba 2. Kwa hiyo skrubu kubwa, iliyokaa miaka ishirini bila kuguswa, inafunguliwa kwa bisibisi ya saizi ndogo, yenye msalaba usio wake, ndani ya tundu lililojaa udongo na oili iliyokauka. Hata lile jambo dogo la kulichokonoa tundu kwa msumari hadi chuma kionekane halifanywi, wakati uchafu wa unene wa milimita moja unatosha kuizuia bisibisi isishike.

Sikatai kwamba skrubu huganda. Huganda, na huku pwani huganda kweli. Skrubu ni ya chuma, kava na mwili wa injini ni vya alumini. Vikikutana na maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Unga mweupe unaotokana na kuliwa huko unachukua nafasi kubwa kuliko alumini iliyopotea, kwa hiyo unajaza kila upenyo na kuibana skrubu pande zote, kwenye uzi na kwenye shingo yake inayopita ndani ya kava. Pikipiki iliyolala miaka kumi ufukweni Bagamoyo haitafunguka kama iliyolala Dodoma. Lakini hebu tufuate jambo hilo hadi mwisho wake. Ikiwa kinachoshikilia ni unga mkavu uliobanwa baina ya metali mbili, basi kazi ya fundi ni kuuvunja unga huo. Tindo haliuvunji. Linakata ukingo wa kichwa, na nguvu iliyobaki inakwenda upande, kwenye sikio la kava lililosubuliwa kwa alumini, metali ambayo ikipigwa pembeni hupasuka kabla ya kupinda.

Mtetezi wa tindo ataniuliza mbona hata bisibisi ya kugonga, ambayo ndiyo ninayoipendekeza badala yake, inatumia nyundo. Ndiyo, inatumia, na hapo ndipo hoja nzima ilipo. Bisibisi ya kugonga ni kile chombo kizito cha chuma ambacho ukikipiga kisogoni kinazunguka kidogo kwa nguvu nyingi. Pigo lake linashuka wima kupitia katikati ya skrubu. Kwa wakati mmoja linafanya mambo matatu: linaisukuma ncha ndani ya tundu isipate nafasi ya kuruka, linatikisa uzi hadi unga mweupe uachie, na linainyonga skrubu kuelekea kufunguka. Tindo linafanya moja kati ya hayo, la kunyonga, tena kwa kuharibu kile kinachonyongwa. Ukubwa wa nyundo hauna maana yoyote hapa. Chenye maana ni mwelekeo wa pigo.

Chombo hicho kinataka uangalifu kidogo. Hakikisha kimewekwa upande wa kufungua, kwani wengi hukipiga kikiwa upande wa kufunga na kuikaza skrubu waliyotaka kuitoa. Kivike ncha ya namba 3 inayolingana na tundu. Kinyonge kwa mkono kinyume na mwendo wa saa na ukishikilie hivyo, ndipo upige, pigo moja la uhakika badala ya vidogo kumi vya kubembeleza. Na kabla ya yote hayo, weka kipande cha chuma bapa cha upana wa kichwa juu ya skrubu, ukigonge wima mara mbili tatu. Nimeshuhudia skrubu zilizoshindikana asubuhi nzima zikizunguka kwa bisibisi ya mkono baada ya kugongwa hivyo tu. Zilikuwa zimeshikwa chini ya kichwa, pale chuma kinapokutana na alumini ya kava, na pigo lile la wima lilitosha kukibandua.

Wengine hawatumii tindo. Wana imani yao ya kopo. Wanapulizia, wanasubiri dakika mbili, wananyonga, skrubu inakataa, wanarudi kwenye tindo wakisema oili imeshindwa. WD-40, inayopendwa kuliko zote, ilitengenezwa San Diego mwaka 1953 ili kufukuza maji na kuzuia kutu, na miongoni mwa kazi zake za kwanza ilikuwa kulinda ngozi ya makombora ya Atlas. Kupenya uzi ulioganda halikuwa lengo lake, ingawa inasaidia kidogo. Oili maalumu ya kupenya ni bora. Hata hivyo tatizo kubwa la oili kwenye kava la injini ni njia ya kufika. Skrubu imelala kwa ubavu, inapita ndani ya kava, na uzi wake uko mwisho kabisa, ndani ya mwili wa injini. Oili inayopuliziwa kichwani inachuruzika chini kwenye gasketi na kudondoka sakafuni. Mwaga petroli na oili ya injini, ilaze pikipiki juu ya magunia upande wa pili ili skrubu zitazame angani, tia matone kwenye kila kichwa jioni, na uyarudie kabla ya kulala. Usiku mzima wa oili ikishuka taratibu unafanya kazi ambayo dakika mbili haziwezi.

Kisha joto, ambalo gereji zetu zinaliogopa kwa sababu mbaya na kulitumia kwa namna mbaya zaidi. Alumini hupanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lilelile: takriban sehemu 23 kwa milioni kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, dhidi ya 12 za chuma. Kwenye tundu la milimita 6, ongezeko la nyuzi 100 linatoa nafasi isiyofika hata sehemu moja ya mia ya milimita. Ni kidogo, lakini unga uliobanwa hauhitaji zaidi ya hapo ili uvunjike. Kinachopashwa ni alumini inayoizunguka skrubu, hasa pale uzi ulipo. Kuipasha skrubu peke yake kunaikaza. Birika la maji yanayochemka, likimiminwa polepole, linaanza kazi hiyo bila hatari ya moto. Anayetumia moto wa gesi akumbuke kwamba alumini haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka, hivyo haitampa onyo, na kwamba tangi na kabureta viondolewe na kuwekwa mbali kabla kiberiti hakijawashwa. Hilo la mwisho sitaki libishaniwe na mtu. Watu wameungua.

Na kichwa kikiwa tayari kimeliwa na waliotangulia? Hapa ndipo watetezi wa tindo wanapoonekana kushinda, kwa sababu wanapokea pikipiki ambayo fundi wa kwanza alishaiharibu. Lakini hata hapa kuna njia iliyonyooka. Kitoboe kichwa katikati kwa keekee, ukianza na nyembamba, hadi kikatike na kubaki duara la pete. Mara tu kichwa kinapotoka, mvutano uliokuwa unalibana kava umekwisha. Ondoa skrubu nyingine zote, vuta kava, na shingo ya skrubu itabaki imesimama ikikusubiri uishike kwa koleo la kujifunga. Mara nyingi inazunguka kwa urahisi wa kushangaza, maana kilichokuwa kimeshikwa ni kichwa, na uzi ulikuwa mzima muda wote. Ikikatika ndani, fundi wa kuchomelea anaweza kuweka nati juu ya kisiki na kuchomelea kupitia tundu lake. Chuma kitaungana na chuma, alumini ya pembeni haitashika, na joto lile litakuwa limevunja unga. Betri itenganishwe kwanza, na sanduku la kuwasha plagi lichomolewe. Ninachokikataa kabisa ni kile king'oleo cha skrubu chenye uzi wa kinyume kinachozungushwa kwenye tundu dogo: chuma chake ni kigumu lakini chepesi kuvunjika, na kikivunjikia ndani hakuna keekee ya kawaida inayoweza kukitoboa.

Skrubu zikishatoka zote, balaa la pili linaanza. Kava halitoki. Fundi anachomeka bisibisi bapa kwenye mstari wa gasketi na kupindua. Kila alama inayoachwa pale ni njia ya oili kutokea, na hakuna silikoni itakayoifuta. Kava linashikiliwa na gasketi iliyogandamana na pia na pini mbili za mwongozo, vimirija vya chuma vinavyoingia kwenye matundu ya pande zote mbili bila nafasi ya kucheza. Ukilivuta upande mmoja, pini zinakwama, kama mtoto wa meza anayevutwa kwa kona moja. Dawa ni kugonga kwa nyundo ya mpira, au kipande cha mti, kuzunguka kava lote na kwenye masikio yaliyojitokeza nje, kisha kulitoa sambamba, huku na huku, kidogo kidogo. Kwenye injini ambazo koili zimefungwa ndani ya kava la kushoto, sumaku ya gurudumu la kranki italivuta lirudi. Huo ni mvuto wa kawaida na hauhitaji bisibisi. Likikataa kabisa, acha. Kuna skrubu umeisahau, pengine nyuma ya kishikio cha waya wa klachi au chini ya tope lililo karibu na sproketi. Kava nyingi zilizopasuka zilipasuliwa na mtu aliyekuwa akivuta dhidi ya skrubu moja asiyoiona.

Hoja nzito kuliko zote ya upande wa pili ni ya muda. Kijana wa bodaboda ana hesabu ya kupeleka kwa tajiri jioni. Fundi ana pikipiki nne zinazosubiri chini ya mwembe. Nani ana usiku mzima wa kusubiri oili ishuke? Naichukulia hoja hii kwa uzito, kwa sababu inasemwa na watu wanaolipwa kwa kazi iliyokwisha na si kwa saa. Ila tazama hesabu yenyewe. Pikipiki hulala usiku hata hivyo, na matone ya oili yanatiwa na mwenye pikipiki mwenyewe jioni kabla ya kuileta. Bisibisi ya kugonga inafungua kava la skrubu nane au kumi haraka kuliko tindo, kwa sababu hakuna kichwa cha kukimbizana nacho. Muda unaoonekana kuokolewa na tindo unarudishwa wiki inayofuata, oili ikivuja, kava likisakwa Kariakoo au Kirinyaga Road kati ya spea zilizotolewa kwenye pikipiki nyingine za umri uleule. Gharama hiyo haimwangukii aliyeshika tindo. Inamwangukia mwenye pikipiki, na yeye ndiye asiyeambiwa ilikotokea.

Watasema pia kwamba vifaa ni ghali. Bisibisi moja ya kugonga na ncha mbili za namba 3 si vifaa vya kiwanda. Gereji inayomiliki kibonyeo cha kutolea beringi na chaja ya betri inaweza kuvimiliki. Kampuni ya Vessel ya Osaka inatengeneza bisibisi za mkono za msalaba wa Kijapani ambazo kisogo chake kinaweza kugongwa, na ukipata moja itakutumikia miaka. Asiyeipata achukue ncha ya Phillips namba 3 na aisage mbele kidogo kwenye jiwe la kunolea hadi iguse chini ya tundu. Haitakuwa kamili, lakini itashika kuliko namba 2 ya kila siku. Vyuo vya ufundi, VETA miongoni mwao, vingefanya jambo kubwa kwa kumkabidhi kila mwanafunzi wa pikipiki skrubu mbili na bisibisi mbili siku ya kwanza, ajionee mwenyewe ipi inaruka.

Limebaki jibu la wale wanaojiona wamemaliza ubishi: tupa skrubu zote za nyota, weka bolti za kufungua kwa Allen. Kwa ufunguaji ni badiliko zuri, na sina sababu ya kulipinga. Ninachopinga ni kudhani kwamba kuganda kumeisha. Bolti za chuma kisichoshika kutu, zinazong'aa na kupendwa, zinaila alumini vilevile zikikutana na maji ya chumvi, na zenyewe haziharibiki, kwa hiyo uzi unaoliwa ni wa injini. Tena mkono mrefu wa ufunguo wa Allen unamfanya mtu akaze kupita kiasi. Skrubu ya M6 kwenye alumini inatosheka na takriban nyutoni-mita 10, sawa na kilo moja iliyoning'inizwa kwenye ncha ya mkono wa mita moja. Zaidi ya hapo unang'oa uzi, na utahitaji springi ya uzi na mtu wa kuitia. Weka upako mwembamba wa grisi ya shaba kwenye uzi na shingo ya kila skrubu, ya nyota au ya Allen, na punguza kidogo nguvu ya kukaza kwa sababu uzi wenye grisi huteleza zaidi. Chora umbo la kava kwenye boksi la karatasi, toboa matundu, na kila skrubu ichomekwe mahali pake inapotoka, kwani urefu hautofautiani kwa bahati; ndefu ikiingia kwenye tundu fupi inagota mwisho na kulipasua sikio kabla kava halijabanwa. Gasketi iwe ya karatasi yake. Silikoni inayofurika kwa ndani inakatika vipande na kwenda kuziba chujio la oili, na hapo ndipo injini iliyonusurika tindo inapokufa kwa kukosa oili.

Mwenye pikipiki ana haki ya kuuliza kabla kazi haijaanza: fundi, kava hili utalifungua kwa kifaa gani? Akionyeshwa bisibisi namba 2 na tindo, aisukume pikipiki yake hadi gereji inayofuata.